Nilivyombebea Mama Idrisa Isale

Kina mama wenzangu wa Elerai, mmeniuliza sana, na kila mmoja kwa mdomo wake. Wengine mmeuliza kwa upole, "Dada Aikande, ulipotelea wapi?" Wengine mmeuliza huku mmenigeuzia bega. Mmoja wenu, simtaji, aliniambia mlangoni pa kanisa kwamba nimebeba isale la muuaji. Nimechoka kueleza kipande kipande kwenye foleni ya maji, ndiyo maana nimekaa chini nikaandika yote. Mkishasoma, atakayetaka kuninunia aninunie huku anajua kwa nini.

Lililotokea kule kanisani Umeruni mnalijua. Kwaya ilikuwa mazoezini, mchana kweupe, mtu akarusha bomu dirishani. Neema, binti wa Mzee Mbise, alifia palepale. Majeruhi mmewauguza kwa mikono yenu. Mnajua pia kwamba Idrisa, mtoto wa jirani yangu Zaituni, alikamatwa. Msichokijua, au mnachojifanya hamkijui, ni kwamba aliyempeleka polisi ni mama yake mzazi. Siku ile Idrisa alirudi nyumbani akaanza kufua nguo zake mwenyewe, kijana ambaye tangu azaliwe hajafua hata soksi. Zaituni alipomuuliza, akamjibu kwa maneno ya wale walimu wake wapya, wale aliokuwa akiwasikiliza kwenye kaseti hadi akaacha kwenda msikiti wa mtaani akisema shehe wetu amelegea. Zaituni akavaa baibui, akaenda kituoni kwa miguu yake, akasema alichokiona. Shehe alisimama naye. Ukoo wa marehemu mumewe ulimtenga.

Lakini yeye hakumwona mtu akirusha kitu. Aliyewaona Idrisa na wenzake kwa macho ni Mzee Mbise peke yake, aliyekuwa akipogoa migomba yake kando ya kanisa, na kesi ilikuwa inakaribia kusikilizwa.

Sasa kwa wale msio Wachaga niwaeleze hili la isale, maana limewachanganya wengi. Kwetu Machame mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, hupandwa mmea wa isale, na jani la isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Linafungwa fundo, linabebwa na mtu asiye wa ukoo wa mkosaji, na anayepelekewa hakatai. Awe na uchungu wa namna yoyote, hakatai. Wameru nao wanalijua, ni ndugu zetu wale. Kihamba cha kina Zaituni na chetu vinapakana. Wao Waislamu, sisi Walutheri, isale katikati. Kwa hiyo aliponijia akasema, "Aikande, nataka Mzee Mbise aniangalie usoni kabla sijafa," alikuwa ananiomba mimi nibebe.

Nilimwambia goti linaniuma. Goti kweli linaniuma, lakini sababu haikuwa goti. Nilikuwa nawaogopa ninyi. Akaondoka bila kunilaumu, na hapo ndipo aliponishinda, maana angenilaumu ningepata pa kushikia. Asubuhi yake nikafunga cherehani yangu, nikamgongea mlango.

Elerai hadi Boma Ng'ombe

Basi lilichelewa kuondoka kwa sababu kondakta alitaka lijae kama gunia la mahindi, na lilipojaa akakumbuka kwamba dereva hajanywa chai. Mimi niligomba. Zaituni alikaa dirishani kimya, ameshika mkoba wake mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na msala, kanga, na ile simu nzito ya Idrisa ambayo polisi waliirudisha. Alikuwa haizimi. Ilikuwa ikiingiza ujumbe, anausoma, anairudisha simu mkobani. Nilimuuliza ni nani. Akasema, "Ni rafiki zake. Wananiahidi kaburi."

Karibu na Kikatiti mama mmoja wa kiti cha mbele alianza kutapika. Zaituni akatoa limau, akalikata kwa meno, akampa anuse. Mama yule akapata nafuu, akageuka kushukuru, na kama ilivyo desturi ya mtu aliyepata nafuu, akaanza kuongea. Redio ya basi ilikuwa imeitaja kesi.

"Mimi ningekuwa jaji," alisema, "ningemnyonga kijana na mama yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Au siyo, dada yangu?"

Zaituni akasema, "Huenda."

Mimi nilifungua mdomo. Akanifinya paja kwa nguvu nikaufunga. Mama yule aliendelea hadi tuliposhuka, na wakati wa kushuka alimwombea Zaituni baraka za Mungu kwa lile limau. Nilikasirika kiasi kwamba nilisahau mwavuli wangu ndani ya basi, mwavuli mzuri, na mvua ilikuwa imeshaanza kule juu.

Machame

Tulipanda mlima kwa pikapu iliyokuwa imebeba mbolea. Kihamba cha kina Zaituni kimebadilika. Nusu ya mibuni imeng'olewa, kama kwingine kote, kwa kuwa wanunuzi hawa wapya wanatoa bei ya kukutukana. Mzee Hamisi, shemeji yake Zaituni, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alitupokea getini. Hakuwa amezungumza naye tangu siku ya kituo cha polisi. Nilitegemea tufukuzwe, na nilikuwa nimeshapanga maneno yangu ya kujibu.

Badala yake tulikaribishwa machalari. Ndizi zilizoiva vizuri, nyama ya mbuzi, mchuzi mzito. Mzee Hamisi mwenyewe alininawisha mikono. Nilikula nikishangaa. Mtu aliyekuita msaliti mbele ya ukoo wote hakupi paja la mbuzi bure, lakini machalari yakiwa mazuri akili huenda likizo.

Zaituni alimweleza shida yake. Kwa mila, jani lazima likatwe na mkubwa wa ukoo wa mkosaji. Niliwaza atajizungusha, atataka kikao, atataka wazee. Akachukua panga akatoka kwenye mvua, akakata isale mpakani palepale, akalifunga fundo, akanikabidhi mimi kwa mikono miwili. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa.

"Umefanya vizuri, shemeji," alimwambia Zaituni. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilijua utarudi kwetu. Mzee yule akilipokea tu, mambo yameisha."

Zaituni alilia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia tangu haya yaanze. Alidhani mzee anazungumzia machozi na uchungu. Na mimi nilidhani hivyohivyo. Nililifunga jani katika kitambaa chenye maji, nikalishika kama mtoto mchanga, tukashuka.

Usa River

Tulilala kwa mdogo wangu Boma, kesho yake tukafika Usa River, tukapanda kwa miguu hadi kwa Mzee Mbise. Goti langu liliongea njia nzima na mimi nililiongezea. Tulipita pale kanisani. Dirisha limezibwa kwa mbao, na ukutani bado kuna madoa ambayo chokaa imeshindwa kuyafunika. Zaituni alisimama hapo. Nilimwambia twende, hakusikia. Alikuwa akisoma dua, midomo inacheza bila sauti, na watoto wa shule waliokuwa wanapita walimkodolea macho kwa lile baibui lake. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Nyumba ya Mzee Mbise ilikuwa imefungwa. Migomba haijapogolewa, majani makavu yananing'inia. Jirani, mama mmoja mwembamba mwenye jembe begani, alituuliza sisi ni kina nani kabla hata hatujabisha hodi.

"Tumemletea mzee salamu," nilisema, nikamwonyesha isale.

Alipoliona sauti yake ikashuka. Hakuna Mmeru atakayemfukuza aliyebeba isale. Akatueleza kwamba mzee amehama. Asubuhi moja alifungua mlango akakuta sanda imewekwa kizingitini, nyeupe, imekunjwa vizuri kama zawadi ya harusi. Aliipima mwilini mwake mbele ya majirani, ikamtosha barabara. Jioni yake mwanawe akampeleka kwa binti yake mkubwa, Ngarenanyuki, nyuma ya mlima.

"Wanasema kesini hataenda," alisema yule mama. "Na nani atamlaumu?"

Tuliteremka tena Usa River kutafuta lori. Tukaingia mgahawani kula. Mimi niliagiza mtori, Zaituni chai tupu. Hapo akaja kijana mmoja, safi, shati limepigwa pasi, ndevu amezichana. Akavuta kiti akakaa mezani petu bila kukaribishwa, ila kwa adabu zote.

"Shikamoo mama," alimwambia Zaituni.

"Marahaba."

"Mama, wewe ni mzazi wetu. Hatupendi kukuona ukihangaika barabarani na makafiri. Rudi nyumbani. Siku ya kesi uumwe. Wazee huumwa, hakuna atakayeshangaa."

"Siumwi," alisema Zaituni.

"Umempeleka mwanao kwa maadui wa Mungu. Utamjibu nini Mola wako?"

Zaituni alinywa chai yake kidogo. Akakirudisha kikombe sahanini. "Mola wangu ataniuliza niliona nini," alisema. "Hataniuliza nilimzaa nani. Na wewe, mwanangu, yule binti wa watu alikuwa anaimba. Siku hiyo utamwambia alikukosea nini?"

Kijana alimwangalia kwa muda. Kisha akanitazama mimi, akatazama na kitambaa changu chenye isale, akatabasamu. "Safari njema," alisema, akatulipia chai na mtori, akaondoka. Mtori wangu ulinishinda. Mnanijua, mimi sijawahi kuacha mtori.

Nyuma ya mlima

Lori tulilopata lilikuwa linarudisha matenga matupu ya nyanya. Dereva alikuwa Mwarusha mwenye maneno mengi aliyetukalisha mbele kwa heshima ya umri wetu. Barabara ile inapita kando ya hifadhi, na mahali fulani nyati waliamua kusimama katikati. Dereva alizima injini. Alisema nyati hapigiwi honi, anasubiriwa kama mkwe. Tukasubiri. Akatugawia loshoro kutoka kwenye kidumu chake, mahindi na maziwa mgando, akatusimulia habari za mke wake wa pili. Kwa mara ya kwanza katika safari hii nilicheka, na Zaituni naye akacheka, halafu akanyamaza ghafla kama mtu aliyejikumbusha jambo.

Ngarenanyuki ni nchi nyingine. Huku kwetu ni kijani na tope, kule ni vumbi na upepo, na mlima unauona kwa mgongo, umebomoka. Watu wanamwagilia nyanya na vitunguu kwa mifereji. Nyumba ya Eliapenda, binti mkubwa wa Mzee Mbise, tulionyeshwa haraka.

Mzee alikuwa shambani. Eliapenda alituona wanawake wawili wazee tuliojaa vumbi, mmoja na gauni la kitenge, mwingine na baibui, akatukaribisha bila kuuliza jina, kama alivyolelewa. Nilitaka kusema, lakini isale halitolewi kwa mtoto kabla ya baba. Kwa hiyo nikakaa na ulimi wangu mdomoni, jambo gumu kwangu. Naye akamkamata jogoo. Akamwangalia Zaituni, akatoka nje akamwita jirani, Mrangi mmoja mkulima wa vitunguu, aje achinje, ili mgeni aweze kula. Zaituni aliona yote hayo akiwa mlangoni. Akaniambia kwa Kimachame, "Mwambie asichinje." Jogoo alikuwa ameshakufa.

Mzee Mbise aliporudi, nilisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mmetoka mbali."

Nilifungua kitambaa, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Aliweka jembe chini polepole. Mikono yake ilianza kunyanyuka yenyewe, naapa niliiona, kama mtu anayepokea mtoto. Kisha ikasimama.

"La nani?"

"La Zaituni, mama yake Idrisa. Ndiye huyu."

Eliapenda alikuwa nyuma yetu na sufuria. Sikugeuka kumwangalia. Nilisikia tu sufuria ikiwekwa chini.

Mzee alikaa kwenye kigoda. Hakumwangalia Zaituni, aliangalia jani. "Mama," aliniambia, "wewe ni wa Machame, unajua. Nikilipokea hili nimefunga. Jambo hili sitalisema tena, si barazani, si kwa serikali. Baba yangu alipokea isale la mtu aliyemuua kaka yake, na hakulitaja jina lile mpaka tunamzika. Mmetumwa mnifunge mdomo?"

Hapo ndipo niliponusa yale machalari upya. Haraka ile ya panga kwenye mvua, paja la mbuzi, mambo yameisha. Hamisi hakutaka kufuta machozi ya mtu. Alitaka shahidi wa pekee afungwe na mila ambayo hakuna Mmeru angethubutu kuivunja, na aliyebeba kamba hiyo hadi Ngarenanyuki ni mimi Aikande, mzee wa kanisa. Yule kijana wa mgahawani alijua. Ndiyo maana alitulipia.

Zaituni alikaa chini, kwenye vumbi, kama tunavyokaa msibani. "Sikutumwa," alisema. "Shemeji yangu alisema mambo yataisha. Nilidhani anasema uchungu."

Mzee akavua kofia. Kisha alizungumza, na nitayaandika maneno yake kama yalivyokuwa kadiri ninavyoweza.

"Mchungaji aliniuliza kama nimesamehe. Nikamwambia nimesamehe. Kila asubuhi ninasamehe, ikifika jioni msamaha umeisha, kesho yake ninaanza tena. Hilo ni langu na Mungu. Lakini nisiwadanganye, ninaogopa. Ile sanda niliivaa mimi. Nimekaa huku nikiomba nipate sababu ya kutokwenda ambayo haitanitia aibu. Mtu akiniuliza, niseme kitu cha heshima. Na leo mmeniletea hiyo sababu, imefungwa kabisa na fundo."

Akanyoosha mkono tena. Nilidhani analipokea. Moyo wangu ulifurahi na kuuma kwa pamoja. Lakini aliusukuma mkono wangu nyuma, polepole.

"Silipokei," alisema. "Mungu anisamehe, na baba yangu anisamehe. Neema hana mtu mwingine wa kumsemea."

Sijawahi kuona wala kusikia isale likikataliwa. Nikamgeukia Zaituni, nikamwambia kwa Kimachame ili mzee asielewe, "Dada, akienda kusema, wanamnyonga mwanao. Mwombe tena, mara ya pili hawezi kukataa." Nilikuwa nimesahau, kwa ule mshtuko, kwamba Kimeru na Kimachame vinasikilizana kama watoto wa mama mmoja. Mzee alielewa kila neno. Akamwangalia Zaituni usoni kwa mara ya kwanza, akimngojea.

Zaituni aliinuka. Akanichukulia jani mikononi mwangu, jambo ambalo haliruhusiwi, mkosaji haligusi. Akalifungua fundo kwa vidole vyake, taratibu, kama anayefungua kilemba cha mtoto, mpaka jani likanyooka. Akaliweka juu ya fensi.

"Nenda ukaseme ulichokiona, baba," alisema. "Nami nitasema changu. Barabarani nitakaa karibu yako. Wakija, watanikuta mimi kwanza."

"Ni mwanao," alisema mzee.

"Najua."

Upepo ulikuwa ukipuliza vumbi juu ya ile sufuria. Eliapenda aliifunika kwa kanga, akaiingiza ndani, akapakua. Alikuja na sahani akaiweka mbele ya Zaituni, akasema bila kumwangalia, "Imechinjwa na Mwislamu."

Zaituni alikula. Alikula yote, huku machozi yakiingia mchuzini, kwa sababu kuacha chakula kile kungekuwa tusi.

Kuteremka

Tuliteremka na lori lilelile, sasa limejaa nyanya. Dereva hakusimulia habari za wake zake. Alihisi. Mzee alikaa katikati yetu amevaa koti lake la kanisani, Biblia mfukoni. Njia nzima yeye na Zaituni hawakuongea zaidi ya mara mbili. Mara moja mzee alimuuliza kama Idrisa alikuwa mtoto mtundu. Zaituni akasema hapana, alikuwa mwoga wa radi, akilala anashika kanga yake. Mzee akasema Neema alikuwa mwoga wa ng'ombe. Basi.

Usa River yule kijana alikuwepo, na safari hii walikuwa kundi, wameegemea pikapu karibu na tuliposhukia kusubiri gari la mjini. Mzee aliwaona akasimama. Alisema kwa sauti ndogo, "Ni yule mrefu." Sikumwuliza yule mrefu ndiye nini.

Nimeishi jirani na Zaituni tangu tuolewe na sijawahi kumwona akishika mkono wa mwanaume asiye wa kwao. Aliushika mkono wa Mzee Mbise, akaupitisha kwapani mwake, akatembea naye moja kwa moja mbele yao, karibu kiasi kwamba baibui lake liligusa ile pikapu. Mimi nikafuata nyuma nikiomba Baba Yetu, nikikosea mistari. Yule kijana wa mgahawani alisema, "Mama, una haya kweli?" Zaituni aliendelea kutembea. Hawakufanya kitu. Kulikuwa na watu, na mwanga, na labda hata mtu wa namna ile kuna mahali anakwama akimwona mama wa mwenzake.

Tukamfikisha mzee kwa mpwa wake, mtaa wa Lemara. Alituaga kwa mkono. Mimi nilirudi nyumbani nikalala na viatu.

Mjini, mahakamani

Mimi sheria siijui, nasema nilichokiona. Mzee Mbise alisimama akasema. Alieleza migomba, dirisha, sura, jinsi walivyokimbia. Alimwonyesha Idrisa kwa kidole.

Kisha wakili wa kina Idrisa akainuka. Alikuwa na sauti tamu. Akamuuliza kama ni kweli kwamba aliletewa isale na akalikataa. Watu mle ndani wakaguna, ukumbi mzima wa Wachaga na Wameru. Mzee Hamisi alikuwa amekaa safu ya mbele, kanzu safi, anaangalia dari.

"Ni kweli," alisema mzee.

"Wewe ni mzee wa kanisa, na ni Mmeru. Umekataa kitu ambacho wazee wako hawakukikataa kwa wauaji wa ndugu zao. Chuki hiyo, mzee, haiwezi kukuonyesha sura ambayo hukuiona?"

Mzee aliinamisha kichwa. Nikamwona anazeeka palepale. Kila mtu mle ndani alikuwa anamhukumu yeye.

Aliyeitwa baada yake ni Zaituni. Alieleza ya siku ile, nguo zilizofuliwa, majibu ya mwanawe. Mwanasheria wa serikali akamuuliza habari ya isale. Angeweza kusema hajui, maana aliyebeba ni mimi. Nilimwona akimtazama Idrisa kizimbani, kisha Hamisi, kisha Mzee Mbise aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Isale lilikuwa langu," alisema. "Mzee huyu alitaka kulipokea. Niliiona mikono yake. Mimi ndiye niliyelifungua fundo, nikamwambia aje aseme. Hana chuki. Binti yake alinichinjia kuku."

Jaji alimwomba arudie. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Hukumu bado, wameahirisha. Mnaotaka kujua kama atanyongwa, sijui, na yeye hajui. Tulitoka nje tukasimama uani, ambapo karandinga la magereza lilikuwa linangoja. Tangu Idrisa akamatwe, Zaituni amekwenda kumwona kila siku iliyoruhusiwa, na kijana hajamwamkia hata shikamoo moja. Walimu wake walimwambia huyo si mama tena. Mzee Mbise alikuja akasimama upande wake mwingine, bila kusema neno, kofia mkononi.

Wakawaleta, wamefungwa pingu wawiliwawili. Idrisa alipita karibu nasi kiasi cha kumgusa. Amekonda, ndevu zimeota vibaya. Alitazama mbele, akatupita, akapanda ngazi za gari. Mlango ukafungwa.

Zaituni alikuwa bado ameangalia pale alipopita mwanawe. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeamkiwa:

"Marahaba, baba."